Mashine ya milioni mbili juu ya stuli

WAKATI wafanyabiashara wa Songea wamezoea kuhesabu hasara ya mahindi yaliyonyeshewa au gunia lililopasuka njiani, ipo hasara nyingine inayotokea chumbani usiku ambayo haiingizwi katika daftari lolote. Ni ile ya mashine ya kumsaidia mtu kupumua akiwa usingizini, ijulikanayo kwa kifupi kama CPAP, kuvutwa na bomba lake yenyewe hadi sakafuni, au kumwagikiwa na glasi ya maji iliyowekwa jirani yake.

Kifaa hicho, ambacho ukubwa wake haupiti sana ule wa redio ya mezani, husukuma hewa kwa presha isiyokatika kupitia bomba na barakoa, ili koo la mwenye tatizo la kukatika pumzi usingizini lisijifunge. Kilibuniwa mwaka 1980 na Colin Sullivan wa Sydney, Australia, na matokeo yake kuchapishwa mwaka uliofuata. Utafiti wa kimataifa uliotolewa mwaka 2019 ulikadiria kuwa watu wazima wapatao milioni 936 wa umri wa miaka 30 hadi 69 duniani wana tatizo hilo kwa kiwango kimoja au kingine. Wengi wao huambiwa tu kuwa wanakoroma. Mashine hii isichanganywe na ile ya jina hilo hilo inayotumika hospitalini kwa watoto njiti. Inayozungumzwa hapa ni ya mtu mzima, nyumbani kwake.

Kwa mwenye duka au mwenye lori, tatizo lenyewe ni la kibiashara pia. Mtu ambaye pumzi inamkatika mara nyingi kwa saa huamka amechoka, husinzia mchana mbele ya wateja au kwenye usukani, na shinikizo lake la damu hupanda. Anapopata mashine hurudia kazi yake sawasawa. Siku inapoharibika, anarudi alikotoka usiku ule ule.

Nchini Marekani, mashine mpya ya kawaida huuzwa kwa bei inayoweza kufika dola 800 na zaidi. Tukichukua dola 800 kwa kiwango cha sh. 2,500/- kwa dola, tunapata sh. 2,000,000/- kabla ya usafiri. Bima ya serikali ya wazee nchini humo huhesabu umri wa kifaa hiki kuwa miaka mitano. Kwa hesabu hiyo, mashine inamgharimu mwenyewe sh. 400,000/- kwa mwaka, yaani karibu sh. 1,100/- kwa usiku. Lakini ikianguka na kufa mwisho wa mwaka wa kwanza, kila usiku uliopita utakuwa umegharimu karibu sh. 5,480/-. Chumba cha kulala wageni chenye bei hiyo kila usiku, na kitanda ni chako mwenyewe.

Wanunuzi wengi hudhani kuwa dhamana ya mtengenezaji itawaokoa. Hapo ndipo penye mtego. Dhamana ya kampuni ya ResMed, mmoja wa watengenezaji wakubwa, hutoa miaka miwili kwa mashine yenyewe, lakini hairuhusu dai la maji kumwagika juu au ndani ya kifaa cha umeme. Aidha, dhamana hiyo hukoma kifaa kikiuzwa nje ya eneo kiliponunuliwa kwanza. Maana yake ni kwamba mashine ambayo mpwa ameinunua Marekani na ikauzwa tena Songea haina dhamana tangu siku ya kwanza, hata kama karatasi iko ndani ya boksi na mhuri unang'aa.

Kadhalika, namba zilizochapwa kwenye kibandiko cha mashine hupotosha. AirSense 10 ya kampuni hiyo ina alama ya IP22. Tarakimu ya kwanza inahusu vitu vigumu: kidole hakiwezi kuingia. Ya pili inahusu maji: kifaa kinastahimili matone yanayodondoka kutoka juu hata kikiinama hadi nyuzi 15. Matone, si kikombe. Chai iliyopinduliwa au paa la bati linalovuja kwa mfululizo wakati wa masika viko nje ya kipimo hicho.

Chanzo cha kuanguka

Mashine ya aina hiyo, pamoja na kitangi chake cha maji, ina uzito wa kilo 1.25 hivi. Bomba lake lina urefu wa mita mbili. Mlalaji anapogeuka upande wa pili, bomba hukaza, na kilo moja na robo juu ya stuli ya plastiki haina ubishi. Songea kuna jambo la ziada, nalo ni chandarua. Bomba hupitishwa chini ya chandarua kilichochomekwa godoroni; asubuhi mtu akikikunjua kwa haraka, au mtoto akikivuta, bomba hufuata na mashine hufuata bomba.

Dawa yake haihitaji kifaa cha kutoka nje. Bomba lifungwe kwa kitambaa laini kwenye ubao wa kichwani mwa kitanda, likiachiwa ulegevu wa kutosha kati ya fundo na mlalaji, na mwingine kati ya fundo na mashine. Hapo mvuto wowote unaishia kwenye ubao. Fundo lisikaze hadi kubana bomba, kwani hewa ndiyo bidhaa inayosafirishwa humo. Kwenye chandarua, bomba liingilie upande huo huo wa kichwani, si ubavuni mtu anakoshukia.

Kuhusu mahali pa kuweka mashine, watu hugawanyika. Wapo wanaoiweka juu kabisa, kwenye kabati, wakiogopa watoto. Hilo si sahihi. Mashine nyingi zina kitangi cha kulainisha hewa, ambacho kwa AirSense 10 hubeba mililita 380, zaidi kidogo ya theluthi moja ya lita. Ikiwa juu ya kichwa cha mlalaji, maji yanayojikusanya ndani ya bomba hushuka hadi kwenye barakoa, na mashine ikianguka huanguka kutoka mbali zaidi. Wengine huiweka sakafuni, ambako haiwezi kuanguka tena, lakini huko inakutana na vumbi jekundu, miguu ya watu na ndoo ya kudekia.

Sehemu ya katikati ndiyo nzuri: meza fupi iliyo chini ya usawa wa godoro, lakini shubiri mbili hivi kutoka sakafuni. Fundi seremala yeyote wa Mfaranyaki au Lizaboni anaweza kuitengeneza kwa mabaki ya mbao. Iwe na miguu iliyotanuka na vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli chini yake ili isiteleze kwenye sakafu ya saruji, na juu iwe na ukingo wa sentimita tatu kuzunguka. Kona za ukingo ziachwe wazi. Ukingo uliozibwa pande zote hugeuka beseni: maji yakimwagika yanabaki yameizunguka mashine badala ya kutoka. Hata fundi akidai sh. 60,000/-, hiyo ni asilimia 3 ya thamani ya mashine.

Wapo pia wanaotaka kuifungia mashine ndani ya sanduku. Wasifanye hivyo. Matundu ya kuvutia hewa huwa nyuma au ubavuni, na yakizibwa kwa mbao, pazia au nguo, mashine hupata joto na kukosa hewa ya kusukuma.

Waya wa umeme nao unastahili kuangaliwa. Tangu mkoa wa Ruvuma ulipounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018 kwa njia ya Makambako hadi Songea, watu wengi wanaweza kutumia vifaa vya namna hii usiku kucha kuliko enzi za majenereta ya dizeli. Lakini nyumba nyingi zina soketi moja chumbani, tena upande wa mlangoni, na waya wa ekstensheni hukatiza njia ya kwenda chooni. Upitishwe ukutani, nyuma ya kitanda. Kabla ya kuingia kwenye mashine uachwe uning'inie kidogo, ili maji yakitiririka juu yake yadondoke pale chini yasiingie kwenye tundu.

Maji ya ndani na ya nje

Glasi ya maji ya kunywa ihamie upande mwingine wa kitanda, na ikiwezekana iwe chupa yenye kifuniko. Hata hivyo, adui mkubwa ni maji ya kitangi chenyewe. Mtu huinyanyua mashine asubuhi ikiwa bado na maji, anaiinamisha, na yanaingia kwenye mota. Kitangi kitolewe kwanza, kijazwe mbali na mashine, kisipite alama ya juu, kisha kirudishwe.

Yanayopendekezwa na watengenezaji ni maji yaliyokenekwa. Ya kuchemshwa huua vijidudu lakini huacha magadi kwenye kitangi. Hapa inafaa kutoa tahadhari kwa wanaokimbilia vituo vya mafuta: jina "maji ya betri" hutokea likatumika kwa maji ya kuongezea na hata kwa asidi yenyewe, na chupa zake hufanana. Hayakutengenezwa kwa ajili ya mapafu ya mtu. Yasitumike.

Juni na Julai, Songea inapopigwa na baridi, hewa yenye unyevu hupoa ndani ya bomba na kugeuka maji yanayogugumia usiku. Bomba likipitishwa chini ya blanketi au kushonewa ala ya kitenge, na kipimo cha unyevu kikipunguzwa, tatizo hupungua sana.

Ikitokea maji yameingia, plagi ichomolewe ukutani mara moja, kitangi kitolewe, na kila sehemu iachwe ikauke kabisa kabla ya kujaribiwa. Isikaushwe motoni wala kwa mashine ya saluni. Ikitoa harufu ya kuungua, au baada ya kuanguka ikapiga kelele mpya au kuonyesha ufa, isitumike hadi ikaguliwe na fundi wa vifaa tiba. Fundi wa redio anaweza kuiwasha, lakini hana cha kupimia kama presha inayotoka ndiyo aliyoagiza daktari.

Kwa wanaofikiria kuingiza mashine hizi kama bidhaa, ni vema wajue kuwa vifaa tiba viko chini ya TMDA, mamlaka iliyochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019, na kibali chake kinatangulia mzigo. Mitumba ni eneo la hatari zaidi. Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudisha mamilioni ya mashine zilizotengenezwa kati ya 2009 na Aprili 2021, zikiwemo DreamStation za toleo la kwanza, kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza kelele ilikuwa ikimeng'enyuka na kuweza kuingia kwenye njia ya hewa. Mwuzaji wa mitumba asiyeonyesha namba ya mashine ili ihakikiwe asipewe fedha.

Kutoka Dar es Salaam hadi Songea ni takriban kilomita 950, na vifurushi vingi huja kwa basi. Mashine isafirishwe bila tone la maji, kitangi kikiwa kimekaushwa na kufungwa peke yake, boksi likijazwa nguo au sponji pande zote. Ibebwe na abiria mapajani ikiwezekana, kuliko kuachwa chini ya magunia kwenye buti.

Mwenye bima ya vitu vya nyumbani naye asingoje ajali. Amwulize wakala wake kwa maandishi kama kuanguka na kumwagikiwa na maji ndani ya nyumba kunalipwa, au ni moto na wizi tu, na ahifadhi risiti pamoja na namba ya mashine mahali tofauti na mashine yenyewe.