Urejeshaji wa Mhimili wa Rafadha Baada ya Ukarabati: Mfano wa Meli ya Liemba, Kigoma

Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Goetzen. Ilifunguliwa, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaundwa tena Kigoma na kushushwa ziwani Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa Mto Malagarasi, mitambo yake ikiwa imepakwa grisi nene. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na Mei 1927 ikarudi safarini kwa jina la Liemba.

Masimulizi mengi ya meli hii huishia kwenye sifa za grisi hiyo. Sifa hizo ni za haki, lakini hazitoshi: grisi huzuia kutu, wala haithibitishi kwamba mhimili wa rafadha na injini vimebaki katika mstari mmoja. Suala hilo huibuka upya kila mitambo inapofunguliwa, kama ilivyokuwa katika miaka ya 1970, injini za mvuke za Liemba zilipoondolewa na kuwekwa za dizeli.

Kanuni ya msingi ni kwamba injini ndiyo hufuata mhimili. Bomba la tezi, ambamo mhimili hupita kutoka nje, limeshikamana na bodi ya meli. Injini husogezeka juu ya misingi yake. Kwa hiyo mhimili husafishwa, hupimwa kama umepinda, huingizwa kwenye beringi zake, kisha rafadha hufungwa. Kosa la kawaida hutokea hapo: kukaza boliti za kiungo cha mhimili na injini meli ikiwa bado juu ya chelezo. Bodi iliyoegemea magogo haina umbo lilelile la bodi inayobebwa na maji, na tofauti ya sehemu ndogo ya milimita yatosha kuchosha beringi. Upimaji wa mwisho, basi, hufanywa meli ikielea. Mhimili huzungushwa polepole, na nafasi kati ya nyuso mbili za kiungo hupimwa juu, chini, kushoto na kulia. Pasipolingana, vipande vya bati huongezwa au kupunguzwa chini ya injini.

Kamba za kuzibia maji katika bomba la tezi nazo hazikazwi hadi pakauke kabisa. Katika mfumo wa zamani, matone machache hupaswa kupita ili kuupoza mhimili. Fundi anayejivunia tezi kavu huenda anauunguza. Baada ya safari ya majaribio, joto la beringi hukaguliwa na boliti hupimwa tena.