Okidi za Mawe na Nyika Kandokando ya Ziwa Victoria

Msafiri aingiaye Mwanza, awe ametoka ziwani au barabarani, hulakiwa na mawe. Miamba ya graniti, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,000, imebebana juu ya vilima na hata majini, kama lilivyo Jiwe la Bismarck. Wengi huyaona mawe hayo kuwa makavu, yasiyo na uhai. Lakini kwa mtaalamu wa mimea kila ufa wa mwamba ni shamba dogo: majani makavu na vumbi hukusanyika humo, mvua huvilowanisha, na mimea michache iliyo shupavu hupata makao. Miongoni mwa mimea hiyo zimo okidi.

Okidi ni mojawapo ya jamii kubwa kabisa za mimea itoayo maua. Duniani zimekwisha kutambuliwa aina zaidi ya 25,000. Wakulima wa Kagera wanaifahamu mojawapo, kwani vanila waipandayo ni okidi itambaayo. Katika nchi za joto okidi nyingi huishi juu ya miti. Hapa tutazame zile ziotazo ardhini na zile zishikazo mawe.

Za ardhini, kama vile Eulophia na Habenaria, hupenda mbuga za nyasi na vichaka. Nyingi kati yake hukauka majani wakati wa kiangazi, na asiyejua hudhani zimekufa. Kumbe uhai umejificha chini, katika viazi au mashina yaliyovimba, ukingoja mvua. Habenaria nyingi zina maua meupe au ya kijani yanukiayo usiku, kwa maana wachavushaji wake ni nondo.

Za mawe, kama zilivyo baadhi ya Polystachya, hazina udongo wa kutegemea. Mizizi yake imefunikwa kwa utando mweupe ufyonzao maji upesi kama sifongo, na akiba huwekwa katika mashina manene. Ansellia africana, yenye maua ya manjano na madoa ya hudhurungi mithili ya chui, kwa kawaida hukaa mitini, lakini pengine huonekana juu ya mawe.

Siri ya mbegu

Tunda moja la okidi huweza kuwa na maelfu ya mbegu, nyepesi kama vumbi. Lakini mbegu hiyo haina akiba ya chakula. Mwaka 1899 mtaalamu Mfaransa, Noël Bernard, aligundua kwamba mbegu ya okidi huota inapoingiwa na kuvu ya aina fulani, ambayo huilisha mpaka iote majani. Basi mtu ang'oaye okidi kilimani na kuipanda katika kopo barazani, hata ikiishi, aghalabu haizai: kuvu na mdudu wake vimebaki kilimani.

Hatari iliyopo

Kisiwa cha Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977, na Saanane tangu 2013. Humo mimea ina kinga. Nje ya hifadhi, nyumba zinapanda vilima na mawe yanapondwa kuwa kokoto. Mponda kokoto anatafuta riziki, wala si haki kumlaumu. Hata hivyo, ufa uliojazwa udongo kwa vizazi vingi haurudishwi kwa siku moja.

Nyanda za Juu Kusini zimekwisha kutoa funzo. Huko viazi vya okidi vilichimbwa kwa wingi na kuuzwa Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Uwanda wa Kitulo, wenye okidi nyingi, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Mwanza haihitaji kungoja kiasi hicho. Kokoto zaweza kutolewa katika vilima vilivyokwisha kuvunjwa, na vingine vikaachwa. Walimu wa biolojia nao waweza kuwapeleka wanafunzi vilimani mara mvua zikatikapo, wakahesabu okidi, wakazichora na kuandika mahali zilipo, pasipo kung'oa hata moja. Daftari la namna hiyo, likitunzwa mwaka hata mwaka, litaonyesha ni kilima kipi kinachopoteza maua yake kabla hayajatoweka.