Kutoka Integumenti Mbili Hadi Moja: Mageuko ya Ovuli Katika Familia ya Balsaminaceae

Watahiniwa wengi huweza kuchora ovuli na kutaja sehemu zake. Hukwama pale swali linapouliza kwa nini ovuli za mimea yenye undugu wa karibu hazifanani.

Kumbuka kwanza
Ovuli imo ndani ya ovari. Katikati yake kuna nyusela yenye mfuko wa kiinitete. Nyusela hufunikwa na integumenti, zinazoacha tundu dogo liitwalo maikropaili. Baada ya urutubishaji ovuli huwa mbegu, nazo integumenti huwa ganda la mbegu. Angiospermu nyingi zina integumenti mbili, ya ndani na ya nje.

Mfano wa kwetu
*Impatiens walleriana*, ua la asili ya Afrika Mashariki, hupandwa kwenye bustani zenye kivuli. Ndugu zake wa porini hupenda misitu yenye unyevu milimani kama Meru. *Impatiens kilimanjari* hupatikana Kilimanjaro tu. Tunda la *Impatiens* likikomaa, ukiligusa hupasuka na kurusha mbegu.

Familia ya Balsaminaceae ina jenasi mbili: *Impatiens*, yenye spishi 1000 hivi, na *Hydrocera*, yenye spishi moja tu, inayoota majini huko Asia. Ovuli ya *Hydrocera* ina integumenti mbili. Katika *Impatiens*, spishi nyingine zina mbili, nyingine moja, na nyingine ziko katikati: integumenti zimeungana chini lakini ncha zimeachana.

Mabadiliko yalitokeaje?
Spishi za katikati ndizo ushahidi wetu. Zamani kila integumenti ilikua peke yake. Baadaye tishu iliyo chini ya zote mbili ikaanza kukua na kuzinyanyua pamoja kama ukuta mmoja. Kadiri sehemu ya pamoja ilivyorefuka, ncha zilizo huru zilifupika, hadi ikaonekana integumenti moja. Hivyo, integumenti haikulazimika kudondoka au kupotea. Mahali pa ukuaji palihama.

Jihadhari na mtego huu
Miti ya paina katika Shamba la Miti Meru/Usa ni jimnospermu, na ovuli yake ina integumenti moja. Usiandike kwamba *Impatiens* yenye integumenti moja ni ya kale kama paina. Paina haikuwa na mbili zikaungana. *Impatiens* ilianza na mbili. Kufanana kwa umbo pekee si uthibitisho wa undugu, wala umbo sahili si lazima liwe la kale.

Jipime
Eleza kwa nini ovuli yenye integumenti zilizoungana nusu ni ushahidi wa mageuko. (Alama 3)

*Hoja za jibu:*
1. Inaonyesha hatua ya kati baina ya integumenti mbili na moja.
2. Ndugu yake *Hydrocera* ana mbili, hivyo yaelekea hali ya mbili ilitangulia.
3. Inaonyesha njia ya badiliko: ukuaji wa pamoja kutoka chini.