Mbwa Msasi Uani Jego

Mahindi yakianza kubeba, wakulima wa Jego, huku Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, hulala nusu usingizi. Mchana ni nyani na ngedere, usiku ni nguruwe mwitu, na hoja ile ile hurudi barazani: tutafute mbwa. Siku hizi anayetajwa si yule wa kienyeji anayelala chini ya mwembe, bali mbwa wa kuwinda mwenye jina: pointa wa Kijerumani, Ridgeback, pengine Vizsla, aliyeonekana kwenye picha za simu au akikimbia na mzungu ufukweni Diani. Kifua kipana, misuli imejichora, macho hayapepesi. Nani asimtake?

Kabla ya kumtazama mbwa, hata hivyo, ingefaa kuutazama ua wenyewe. Waliomo ni kina nani, saa ngapi wako nyumbani, kuku wanazurura wapi, jirani anatawadhia wapi, na jua la Februari linaingia vipi.

Mbwa wa kuwinda ni kiumbe aliyetengenezwa kwa makusudi. Mbwa wote wametokana na mbwa mwitu wa kijivu wa nchi za kaskazini, na mnyama huyo akiwinda hufuata vitendo kwa mfuatano: hutafuta, hukazia macho, hunyemelea, hukimbiza, huuma, huua, kisha hula. Mwanabiolojia wa Marekani Raymond Coppinger, aliyeishi na kusoma mbwa kwa miaka mingi, alieleza kwamba wafugaji walichukua mfuatano huo wakazima baadhi ya vitendo na kuvitia nguvu vingine. Mbwa wa kuchunga kondoo amebakishiwa kukazia macho na kunyemelea, lakini kuuma kumepunguzwa. Grayhaundi ni kukimbiza. Pointa ni kunusa na kusimama kidete. Wale wa kuokota ndege waliopigwa risasi hubeba bila kutafuna. Na kitendo kilichotiwa nguvu hujilipa chenyewe: mbwa hakimbizi kwa sababu ana njaa. Mshibishe sima na samaki hadi tumbo lijae, bado atakimbiza, kwa kuwa utamu wake uko kwenye kukimbiza.

Mtazame pointa kijana uani. Mtetea anapita na vifaranga wake. Mbwa anaganda. Mguu mmoja wa mbele umekunjwa hewani, mkia umenyooka, pua imeelekea kuku, hata masikio hayatikisiki. Mwenye nyumba anacheka na kuwaambia wageni kwamba mbwa ametulia, ana adabu. Hajatulia hata kidogo, yuko kazini. Kifaranga mmoja akipiga mbio upande wa banda la mbuzi, kitendo kinachofuata kitajifungulia chenyewe, na kelele za mwenye nyumba hazitasikika kwa mbwa yule.

Ridgeback naye ana historia yake. Vipimo vya ukoo wake viliandikwa Bulawayo mwaka 1922, na kazi aliyosifiwa nayo na wawindaji wa kusini mwa Afrika ni kumzunguka simba na kumshughulisha mpaka mwenye bunduki afike. Dume hufikia kilo 36 au zaidi. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mbwa anayesubiri amri, kwa hiyo wafugaji walichagua wale wanaoamua wenyewe. Kujiamulia ni sifa porini. Kwenye njia ya watoto wa madrasa ni habari nyingine.

Hapo wauzaji hupenda kuishia: ukoo ndio tabia, lipa upate. Utafiti mkubwa uliotoka katika jarida la Science mwaka 2022 unawapunguzia maneno. Kundi la Kathleen Morrill na Elinor Karlsson lilikusanya majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000 na kusoma vinasaba vya mbwa zaidi ya 2,000. Waligundua kwamba ukoo unaeleza takribani asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Yako mambo ambayo ukoo unayagusa zaidi, kama wepesi wa kufuata maelekezo, lakini mbwa mmoja mmoja hutofautiana kuliko vyeti vyao vinavyodai. Kwa mnunuzi hilo lina pande mbili. Anaweza kumpata pointa mpole anayelala mchana kutwa, na anaweza kumpata wa kienyeji asiyejua kukaa kitako. Kumtazama mbwa aliyekwisha kukua, akiwa katikati ya mbuzi na kuku, kunasema mengi kuliko picha ya wazazi wa kitoto cha wiki 8.

Tuje kwenye muda, ambao ndio bei yenyewe. Mbwa kijana wa aina hizi huhitaji saa nzima au mbili za kutembezwa, kukimbia na kufundishwa, kila siku, Idi ikiwemo. Katika nyumba nyingi za pwani ya kusini, baba yuko Mombasa au baharini, watoto wanatoka shule wanaingia chuoni, na mama ana maji, kuni, shamba na jiko. Mbwa aliyenunuliwa na baba aliyeko Mombasa huwa mbwa wa mama. Matokeo yake ni mnyororo chini ya mnazi kutwa nzima na kufunguliwa usiku, desturi ambayo mbwa wa kienyeji wengi huivumilia. Msasi haivumilii. Huchimba, hubweka bila kituo, huzunguka hadi ardhi inafanya mtaro, na akifunguliwa usiku huondoka kama aliyeachiliwa jela.

Wengine husema basi na akimbizwe mpaka achoke. Ni nusu ya dawa. Mbwa anayekimbizwa kila siku hujenga pumzi, na baada ya miezi michache umbali uliomlaza zamani unakuwa wa kupasha misuli tu. Kinachomchosha kwa kweli ni pua. Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz walichapisha mwaka 2019 jaribio la mbwa 20: kundi moja lilifanya kwa wiki mbili mchezo wa kutafuta chakula kwa kunusa, jingine likafundishwa kutembea ubavuni mwa mwenyewe. Waliopewa kazi ya kunusa ndio waliokiendea kwa wepesi zaidi chombo ambacho hawakujua kama kina chakula, dalili ambayo watafiti huisoma kuwa ni matumaini. Jego mchezo huo hauna gharama. Dagaa wachache waliofichwa kwenye rundo la makumbi ya nazi humpa mbwa kazi ya robo saa, na mtoto wa miaka kumi anaweza kuusimamia.

Lakini jambo linalopaswa kumsimamisha mnunuzi wa pwani kuliko yote ni joto. Binadamu hutoka jasho mwili mzima. Mbwa ana vitezi vya jasho vya maana kwenye nyayo tu, kwa hiyo hutegemea kuhema. Maji yanayokauka kwenye ulimi na njia ya hewa ndiyo yanayoondoa joto. Hewa ikiwa imeshajaa unyevu, kama ilivyo Kwale sehemu kubwa ya mwaka, maji hayakauki upesi na kuhema kunakuwa kazi bure, tena kazi inayozalisha joto lake. Mwili wa mbwa hukaa kwenye nyuzi 38 hadi 39 hivi. Ukivuka 41, viungo vya ndani huanza kuharibika.

Uingereza, nchi ambako nyuzi 30 ni habari ya gazeti, Emily Hall na wenzake walipitia kumbukumbu za madaktari wa mifugo na kuchapisha matokeo mwaka 2020. Takribani robo tatu ya mbwa waliougua kwa joto hawakufungiwa kwenye gari kama watu wanavyodhani. Walikuwa wamekimbia au kutembezwa. Sasa mlete mbwa huyo Jego mwezi wa Machi, saa nne asubuhi, kwenye shamba lisilo na kivuli. Na ubaya wa msasi ni kwamba hajui kujizuia: mori ukipanda, mwili hausikilizwi. Dalili huonekana kwa anayetazama. Ulimi hutanuka nchani, ufizi huiva wekundu, mate huwa mazito yanayovutika, kisha miguu ya nyuma huyumba. Hapo ni kumweka kivulini, kummwagia maji mwili mzima na kumpepea kwanza, ndipo apelekwe kwa daktari. Kumpakia pikipiki angali anawaka ni kumpotezea dakika ambazo hana.

Kwa hiyo saa za mbwa wa mbio huku ni mbili: kati ya adhana ya alfajiri na saa moja, na jua likishazama. Atakayeshika mshipi saa hizo ajulikane kwa jina kabla mbwa hajaingia uani.

Chakula kinasemwa kwa ufupi, kwa kuwa hesabu yake inajieleza. Pointa wa kilo 25 anayefanya kazi huhitaji kalori 1,500 na kuendelea kwa siku. Zikitafutwa kwenye sima pekee, ni zaidi ya gramu 400 za unga. Paketi ya kilo 2 inaisha siku ya tano, na bado mbwa hajapata protini wala mafuta ya kutosha. Samaki, matumbo na mayai lazima yaingie.

Kuna pia wadudu. Misitu ya Shimba Hills na vichaka vyake ina mbung'o, na mbwa ni mwepesi sana kufa kwa vimelea wanavyobeba. Jicho likianza kufunga ukungu wa samawati na mbwa anakonda, hiyo ni safari ya kwa daktari siku hiyo hiyo. Kupe huleta homa zao, na mbu wa pwani husambaza minyoo ya Dirofilaria. Mbwa wa kienyeji naye huugua magonjwa haya, ila wazazi wake walikulia humu.

Suala la dini haliwezi kurukwa Udigoni, ambako wengi ni Waislamu wanaofuata madhehebu ya Imam Shafii. Mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wakati huo huo, Sura ya al-Maida, aya ya 4, inahalalisha mawindo ya wanyama waliofunzwa, na hadithi sahihi zinamtoa mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba katika karipio la kufuga mbwa. Mabedui wa Uarabuni wamewinda na saluki kwa karne nyingi. Nafasi ya mbwa wa shamba basi ipo, nje ya nyumba, mbali na msala na ndoo za maji. Shida ni kwamba baadhi ya mbwa hawa, Vizsla hasa, walifugwa wawe ubavuni mwa mtu. Huegemea, hulamba, hulia wakiachwa peke yao. Mbwa wa tabia hiyo na mzee anayekwenda msikitini mara tano wataoneana taabu wote wawili, na hakuna mwenye kosa.

Halafu, kuwinda kwenyewe kuko wapi? Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inaadhibu vikali kuwinda kwa ajili ya nyama. Paa wa misitu ya Mrima na Marenje hawajui kama mbwa aliyewaparamia ametumwa au amejituma, na mwenye mbwa atakuwa na maelezo ya kuwapa askari wa wanyamapori wa KWS. Diani, shirika la Colobus Conservation, linalowahudumia mbega na kima tangu 1997, huwapokea waliogongwa na magari, waliopigwa na umeme, na walioumwa na mbwa. Kufukuza nguruwe kutoka kwenye mahindi ni jambo jingine, lakini mbwa wa kulinda mpaka wa shamba anatakiwa abweke na arudi. Yule anayefuata windo hadi upande wa pili wa mto Umba hajalinda chochote.

Hapo ndipo yule wa chini ya mwembe anapostahili kutazamwa upya. Mwaka 2009 Adam Boyko na wenzake walipima vinasaba vya mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia. Wale wa Uganda na Misri walionekana kuwa wenyeji halisi wenye asili ya kale ya Afrika, pamoja na Basenji wa Kongo. Ridgeback, anayeuzwa kwa fahari kama mbwa wa Afrika, alitoka na damu ya kigeni kwa sehemu kubwa. Coppinger na mkewe Lorna nao, katika kitabu chao cha 2001, waliwatumia mbwa wa Pemba kuwa mfano wa mbwa wanaoishi kando ya watu bila kuwa kipenzi cha yeyote: wa umbo la wastani, manyoya mafupi, wanaojua kula kidogo na kulala jua likiwaka. Hakuna aliyewachagua kwa cheti. Joto, njaa na maradhi ndivyo vilivyochagua.

Pemba hiyo hiyo inatoa somo la chanjo. Kichaa cha mbwa kilitokomezwa kisiwani mwaka 2014, kikarudi 2016, kikatokomezwa tena kwa kampeni za kuchanja mbwa kila kijiji, wenye jina na wasio na jina.

Kwa nyumba nyingi za Jego, basi, jibu ni hapana kwa msasi wa kizungu. Ndiyo inamfaa mwenye shamba lenye uzio, kuku waliofungiwa, kivuli na maji, na mtu mzima mmoja aliyepo asubuhi na jioni kwa miaka 12 au 14 ambayo pointa huishi. Wengine watafute mbwa wa kienyeji aliyekwisha kupevuka, wamwone kwanza mbele ya mbuzi na kuku, wamfundishe kurudi akiitwa, na wampeleke kwa daktari wa mifugo akachanjwe kichaa kabla hajalala usiku wa kwanza shambani.