Mlinzi wa Intaneti Naye Alale

Tukitaja kazi zinazoharibu afya, wengi wetu hufikiri mara moja juu ya machimbo, viwanda vya saruji au kubeba magunia bandarini. Ni wachache wanaomkumbuka yule aketiye katika ofisi yenye kiyoyozi, macho kwenye kompyuta, akiangalia mitambo inayopitisha barua, malipo na picha zetu kwenye intaneti. Hanyanyui mzigo wala hapigwi na jua. Hata hivyo kazi yake ina maradhi yake, na aliyeifanya miaka ishirini huwa nayo mwilini bila kujua yalikotoka.

Kazi yenyewe ni hii. Zipo kompyuta kubwa ziitwazo seva, ambazo hazizimwi usiku wala sikukuu. Msimamizi huzitengeneza, hutunza nakala za akiba na huzuia wezi. Matengenezo makubwa hufanyika watu wakiwa wamelala, ili wateja wasisumbuke. Baadaye, akiwa nyumbani, simu iko kando ya mto. Ikilia saa nane usiku, lazima aamke. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa kusini mwa pwani yetu, na intaneti ikadhoofika sana Tanzania na nchi jirani. Sisi tulilalamika kwamba ujumbe hauendi. Kwa wasimamizi, siku ya namna hiyo haina chakula cha mchana.

Usingizi ndio jambo la kwanza. Mwaka 1997 wataalamu wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi kama mtu aliyekunywa pombe kiasi, ingawa hajagusa hata tone. Kinachotisha ni kwamba mwenyewe hujiona yuko sawa. Tarehe 31 Januari 2017, katika kampuni ya GitLab, fundi mmoja aliyekuwa bado kazini usiku alikusudia kufuta kumbukumbu katika seva ya akiba. Kumbe alikuwa ndani ya seva kuu. Alipotambua na kusimamisha, sekunde chache zilikuwa zimepita, na gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimefutwa. Kazi ya wateja ya saa sita hivi haikupatikana tena. Kampuni yenyewe ilieleza habari hizo hadharani bila kumtwika mtu mmoja lawama, na ilifanya vema. Mtu akichoka, dawa yake si kugombezwa.

Wengi hujitetea kwa kahawa. Kahawa huondoa dalili ya usingizi, lakini deni la usingizi hubaki palepale. Tena nusu ya nguvu yake yaweza kuwa bado mwilini baada ya saa tano hivi. Anayekunywa kikombe saa mbili usiku asishangae akigeuka kitandani hadi saa saba.

Jambo la pili ni moyo. Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Kazi Duniani walitangaza mwaka 2021 kwamba wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma wana hatari ya kupata kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35, wakilinganishwa na wale wa saa 35 hadi 40. Ongeza juu yake kuketi kutwa na kula chipsi mbele ya mashine.

Sasa tuzungumzie mapumziko, maana hapa ndipo wazoefu wengi wa kazi hii wanapopotea. Ukimwuliza anapenda kufanya nini baada ya kazi, atakuambia ana kompyuta nyingine nyumbani, anaichezea. Hatumlaumu, anaipenda. Lakini macho, shingo na mgongo havijui kwamba hii ni starehe na ile ni kazi.

Bibi Evi Nemeth wa Marekani alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Colorado, na kitabu alichoandika na wenzake juu ya usimamizi wa mitambo, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1989, kimefundisha mafundi wa nchi nyingi. Alipostaafu mwaka 2001 alishika tanga, akasafiri baharini kwa miaka mingi. Mwaka 2013, akiwa na wenzake sita katika jahazi lililotoka New Zealand kwenda Australia, walipatwa na dhoruba na hawakuonekana tena. Hatutoi mfano huu ili watu wakimbilie baharini! Tunachopenda kwake ni kwamba alipata jambo lililomtoa kwenye kiti, likamtia juani, likamtumikisha mikono.

Kwetu yatosha bustani ya mchicha, kufuga kuku, baiskeli, au kwenda kucheza bao kwa miguu badala ya bodaboda. Mtu mzima anahitaji walau dakika 150 za mwendo wa haraka kwa juma. Kazini, kila dakika 20 atazame kitu cha mbali, mita sita hivi, kwa sekunde 20, na akumbuke kupepesa macho.

Nanyi wa nyumbani, mama na watoto, baba aliyekesha na simu akilala asubuhi msimwite mvivu. Fungeni pazia, punguzeni redio. Kwa mwajiri, zamu ya usiku igawanywe kwa watu wawili au watatu, na aliyeamshwa usiku aruhusiwe kuchelewa.

Aliyepita miaka 40 apimwe shinikizo la damu na sukari kila mwaka, hata kama hasikii kitu. Akisikia kifua kinabana, au uso ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakimtatiza, asingoje zamu iishe. Apelekwe hospitali saa ile ile, na seva ashike mwingine.