Mafundi wa TEHAMA wafundwe pamoja

Mwaka wa fedha ukielekea ukingoni mwezi Juni, fungu la mafunzo ambalo halijaguswa huanza kutafutiwa kazi. Hapo ndipo mkuu wa kitengo cha TEHAMA anapoambiwa atafute kozi ya usalama wa kompyuta, watu wanane, siku tano, iishe kabla ya vitabu kufungwa. Hoteli inapatikana Bagamoyo au Naivasha, mkufunzi anakuja na slaidi zake, posho zinasainiwa, picha ya pamoja inapigwa. Jumatatu inayofuata nenosiri la seva ya hifadhidata ni lile lile la miaka yote, na nusu ya kitengo wanalijua.

Hoteli haina kosa. Kosa ni kuanza na kozi kabla ya kutazama mifumo ambayo mafundi hao wanaisimamia. Mtumishi wa masijala akifundishwa kutobofya viungo vya ajabu kwenye baruapepe, amepata sehemu kubwa ya anachohitaji. Fundi ni habari nyingine: ndiye mwenye akaunti inayofungua kila kitu, na mdukuzi anamtafuta yeye kuliko mkurugenzi.

Kisa cha kampuni ya Maersk kinafaa kusimuliwa katika kila darasa la aina hii. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi kilichokuja kuitwa NotPetya kilisambaa kutoka Ukraine kupitia sasisho la programu ya uhasibu, kikaingia katika mtandao wa kampuni hiyo ya Denmark inayosafirisha makontena dunia nzima. Kilitumia tundu la Windows ambalo Microsoft walikuwa wametoa kiraka chake tangu Machi. Kilipokuta kompyuta iliyokwisha kuzibwa, kilitumia manenosiri ya wasimamizi yaliyochotwa kwenye kumbukumbu za kompyuta nyingine, kikaingia kama mwenyeji. Mwenyekiti wa kampuni alieleza baadaye kwamba walisimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku 10. Hasara ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Mafundi wa Maersk walikuwa na nakala za akiba za seva nyingi. Walichokosa ni nakala ya zile seva 150 hivi zinazotambua nani ni nani kwenye mtandao na ana ruhusa gani. Kila moja ilitegemewa kuwa akiba ya mwenzake, na hakuna aliyefikiria kwamba zote zinaweza kufutika kwa mkupuo. Ikasalimika moja tu, Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio na seva ikawa nje ya mtandao. Intaneti ya huko ilikuwa ndogo mno kusafirisha data hizo hadi Uingereza, wala hakuna mfanyakazi wa ofisi ile aliyekuwa na viza ya kuingia huko. Mmoja wao akaruka hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake diski kiwanja cha ndege, naye akaifikisha London. Ni mara chache mkato wa umeme kustahili shukrani.

Pengo la namna hiyo halionekani kwenye slaidi. Hujitokeza pale mtu wa mtandao, mtu wa seva, mtu wa hifadhidata na vijana wa dawati la msaada wanapokaa meza moja, wakaambiwa kila kitu kimefutika, nao waanze kubishana kipi kirudishwe kwanza. Kila mmoja anajua kipande chake. Ndiyo maana napendelea fedha za kumpeleka mtu mmoja Dubai zilipe mkufunzi mmoja mzuri aje kwa kikundi kizima. Aliyepelekwa peke yake hurudi na ujuzi ambao wenzake hawauelewi, na mara nyingi cheti chake kipya humpatia kazi kwingine.

Kabla ya kumwita mkufunzi, mafundi waorodheshe mifumo yao na waseme upi ukizimika huduma inasimama. Orodha hiyo ndiyo mtaala. Hospitali itaanza na mfumo wa wagonjwa, SACCOS na daftari la akiba na mikopo. Mkufunzi akisema kozi yake inafaa taasisi zote bila kubadilisha kitu, mshukuruni na mtafute mwingine. Muulizeni pia saa ngapi mafundi watakuwa na mikono kwenye kibodi. Chini ya nusu ya muda, huo ni mhadhara.

Mazoezi yafanyike kwenye maabara iliyotengwa, kamwe si kwenye seva zinazohudumia wateja. VirtualBox haina gharama, na OWASP Juice Shop, duka la mtandaoni lililojengwa makusudi likiwa na matundu, hupatikana bure. Taarifa halisi za wateja zisiingizwe humo: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Kenya ina yake ya 2019. Tena, fundi anayejaribu kupenya mfumo wa ofisi bila kibali cha maandishi anaweza kujikuta upande mbaya wa sheria, kwa Tanzania Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, hata kama nia yake ilikuwa njema. Kibali hicho kisainiwe na mkuu wa taasisi, si na mkufunzi.

Gawanyeni kikundi mara mbili ili ofisi isibaki bila fundi. Wiki ambayo wote wako hotelini ni wiki nzuri kwa wadukuzi.

Mkurugenzi aje, angalau siku ya zoezi. Kenya, taarifa binafsi zikivuja na kukawa na hatari ya kweli kwa wenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Nani atampigia? Nani ana mamlaka ya kuzima mfumo wa malipo saa nane usiku? Fundi hawezi kujijibia maswali hayo, na saa ya shambulio si wakati wa kuitisha kikao.

Mafunzo yakiisha, ibaki orodha fupi ya mabadiliko: akaunti za wasimamizi za kufutwa, nakala ya akiba ya kutenganishwa na mtandao, kila jambo na jina la mhusika na tarehe. Baada ya mwezi, chagueni seva moja, muirudishe kutoka kwenye nakala yake huku mkihesabu saa. Mwenye kushika fungu la mafunzo, usilipe awamu ya mwisho ya mkufunzi mpaka seva hiyo iwake.