Mama anayenyonyesha, usiogope yai: Chakula chako na mzio wa mtoto

MIEZI miwili baada ya dadangu kujifungua, mlo wake ulikuwa umebaki ugali, sukuma wiki na chai ya rangi. Mayai aliacha. Maziwa akaacha. Njugu karanga, samaki na hata chapati, vyote vilipigwa marufuku katika nyumba yetu hapa Milimani, Nakuru.

Sababu? Mtoto alikuwa na vipele mashavuni. Jirani akasema ati ni mayai. Rafiki yake wa chuoni akamtumia ujumbe kwenye WhatsApp kwamba maziwa ya ng'ombe anayokunywa mama "yanaingia kwa mtoto na kumletea aleji". Mama mkwe alipokuja kumwona mjukuu, akiwa amebeba njahi na chupa ya maziwa lala, dadangu alishukuru kwa heshima zote, akaviweka jikoni, na sisi wengine ndio tuliovila.

"Mimi nitavumilia. Bora mtoto asiumwe," aliniambia.

Nilimwelewa. Lakini uso wake ulikuwa umechakaa, na akiinuka kitini anashika ukuta kwa kizunguzungu. Nikajiuliza: je, njaa hii yote inamsaidia mtoto kweli? Nilipoifuatilia habari hii hadi mwisho, jibu lilinishangaza.

Hofu ilitoka wapi?

Tusiwalaumu majirani. Madaktari wenyewe waliwahi kuihubiri hofu hii.

Mwaka wa 1998, serikali ya Uingereza ilishauri kwamba mama ambaye familia yake ina historia ya mzio, au aleji kama wengi wetu tunavyoiita, anaweza kuamua kuepuka njugu akiwa mjamzito na akinyonyesha. Mwaka wa 2000, chama cha madaktari wa watoto nchini Marekani kilitoa ushauri wa aina hiyo kwa akina mama ambao watoto wao walikuwa katika hatari ya kupata mzio. Kiliongeza kuwa watoto hao wasionjeshwe njugu hadi wafike miaka 3.

Wazo lilionekana la busara: kitu kisichomfikia mtoto hakiwezi kumdhuru. Lakini halikufanya kazi. Akina mama walijinyima, na mzio wa njugu kwa watoto wa nchi hizo ukazidi kuongezeka. Marekani iliufuta ushauri huo mwaka wa 2008, Uingereza ikafuata 2009. Msimamo wa wataalamu siku hizi ni kwamba mama hahitaji kuacha chakula chochote kwa nia ya kumkinga mtoto dhidi ya mzio.

Shida ni moja: onyo lilisafiri mbali, lakini habari ya kufutwa kwake ikabaki njiani.

Utafiti unasema nini?

Mwaka wa 2020, watafiti nchini Sweden walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 500 na watoto wao. Waliokunywa maziwa ya ng'ombe kwa wingi wakati wa kunyonyesha ndio ambao watoto wao walikuwa na mzio kidogo wa chakula walipofika mwaka mmoja. Utafiti huo hauthibitishi kwamba maziwa ndiyo yaliyowakinga watoto, lakini hautoi sababu yoyote ya kuyakimbia.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka London mwaka wa 2015. Timu ya Profesa Gideon Lack iliwachukua watoto 640 wa kati ya miezi 4 na 11 waliokuwa katika hatari kubwa, yaani wenye ukurutu mkali, mzio wa mayai, au vyote viwili. Nusu walilishwa vyakula vyenye njugu kila wiki, nusu wakakatazwa kabisa. Walipofika miaka 5, takriban 17 katika kila 100 waliokatazwa walikuwa na mzio wa njugu. Kwa waliokula, walikuwa 3 tu katika kila 100.

Maelezo yake ni haya. Kinga ya mwili wa mtoto hujifunza. Chakula kikipitia tumboni mapema, mwili unakizoea kama rafiki. Kikiingia kwanza kupitia ngozi iliyochubuka kwa ukurutu, kwa mfano vumbi la njugu kutoka mikononi mwetu, mwili unaweza kukiona kama adui. Ndiyo maana kuitunza ngozi ya mtoto kwa mafuta yasiyo na manukato ni muhimu kuliko mama kujinyima yai.

Dalili za kweli

Je, kila kitu ni uvumi? La. Ni kweli chembe za protini za maziwa ya ng'ombe, mayai na vyakula vingine hupita hadi kwenye maziwa ya mama, na watoto wachache huathirika. Dalili ya kuangalia ni damu au kamasi kwenye choo cha mtoto, kutapika kusikoisha, au kutoongeza uzani.

Ukiona hayo, nenda hospitalini. Daktari akishuku maziwa, anaweza kukuambia uyaache kwa wiki mbili hadi nne, kisha uyarudie ili kuona kama dalili zinarejea. Zisiporejea, maziwa hayakuwa na hatia, na unaendelea kuyanywa. Hata watoto wanaoathirika, wengi huondokewa na tatizo hilo kufikia umri wa mwaka mmoja.

Midomo ikivimba, mtoto akipumua kwa shida au akilegea ghafla, hiyo ni dharura. Usingoje asubuhi.

Sahani ya mama

Mama anayenyonyesha anahitaji takriban kalori 500 zaidi kwa siku. Kwetu Nakuru si lazima ziwe za bei ghali: njahi, omena, mayai, maziwa, mboga za kienyeji, avokado na uji wa wimbi. Mama mkwe na njahi zake hakuwa amekosea.

Kuhusu njugu, la kuogopa zaidi ni ukungu. Njugu na mahindi yaliyovunda huwa na sumu ya aflatoksini, ambayo hupita kwenye maziwa ya mama na haiondoki yote kwa kupika. Mwaka wa 2004, sumu hiyo iliwaua watu 125 katika eneo la mashariki ya Kenya. Kwa hivyo chagua njugu kavu, na zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zenye uchungu uzitupe.

Mtoto naye anyonyeshwe bila kuongezewa chochote kwa miezi 6 ya kwanza. Baada ya hapo, anza kumpa yai lililoiva vizuri, samaki asiye na miba, na njugu zilizosagwa laini ndani ya uji. Usimpe njugu nzima kabla ya miaka 5, zinaweza kumkaba. Na kama ana ukurutu mkali au tayari ana mzio wa mayai, muone daktari mapema, ikiwezekana kabla ya miezi 6, akuelekeze lini na vipi utampa njugu.

Na dadangu? Alipompeleka mtoto kliniki, muuguzi aliangalia mashavu, akasema ni ukurutu mdogo tu, na uzani uko sawa. Kisha akamgeukia mama.

"Na wewe, asubuhi umekula nini?"

Dadangu akanyamaza. Jioni hiyo alijipikia mayai mawili, akanywa maziwa kikombe kizima, huku mtoto amelala mapajani. Vipele viliisha pole pole kwa mafuta ya kupaka. Mayai bado anakula.